Bibi Afya na Mtaro wa Wageni

Mtaani kwetu, nyuma kidogo ya Mtaa wa Msimbazi, watu walijua anakuja kabla hawajamwona. Kwanza yalisikika mafagio. Mwenye kioski aliyekuwa amekaa anachezea simu aliinuka ghafla na kuanza kufagia mlangoni pake. Fundi cherehani alivuta vipande vya vitambaa kwa mguu na kuvificha chini ya meza. Mama aliyekuwa karibu kumwaga maji ya kuoshea samaki alirudi ndani na beseni lake, anajifanya amesahau kitu. Kisha alitokea mwenyewe, raba nyeupe miguuni, mwavuli mkononi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alitembea katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi bila yeye kujali, kwa sababu pembeni ulikuwapo mtaro, na alitaka kuutazama vizuri.

Tulimwita Bibi Afya. Alikuwa ameshastaafu kazi ya ukaguzi wa afya alipoanza kuja kwetu kila siku, na hakuwa tena na mamlaka ya kumtoza mtu faini. Sote tulilijua hilo. Lakini katika miaka yake ya kazi alikuwa amewatoza wengi, wengine mpaka mama zao, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumjaribu.

Mimi nauza vyombo vya plastiki, ndoo na mabeseni na madumu na majaba ya maji, na mafagio na koleo pembeni, kwenye duka nililoachiwa na baba yangu. Nalitaja mapema ili ieleweke nilisimama upande gani katika habari hizi. Yeye hakuniita kwa jina. Aliniita Bwana Plastiki, na hakuwahi kupita dukani bila kunisimamisha.

"Shikamoo, Bibi Afya."

"Marahaba, Bwana Plastiki. Leo umewauzia watu takataka ngapi?"

"Nimewauzia ndoo, Bibi Afya."

"Leo ndoo. Mvua ikinyesha nitazikuta bondeni Jangwani."

Halafu aliingia ndani, akageuza mabeseni yote mpaka akapata moja lisilo na mkwaruzo, akabishania bei mpaka nikachoka, akalinunua. Nyumbani kwake Ilala niliwahi kufika kumpelekea jaba. Makochi yake yote yalikuwa bado na nailoni za dukani, na rimoti ya televisheni ilikuwa imevishwa mfuko na kufungwa kwa mpira. Mifuko ile ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku nchini, alizunguka mtaa mzima akishangilia kana kwamba ameitunga sheria yeye. Binti yake ndiye aliyeniambia kwamba chini ya godoro la mama yake ilikuwapo akiba ya mifuko hiyo, imekunjwa vizuri, ya kutosha kufungia nyama ya Idi kwa miaka kadhaa. Nilipomgusia, hakuona haya. Alisema mfuko ulioko chini ya godoro lake hauwezi kuziba mtaro wa mtu.

Aliogopa panya. Kwa mtu aliyeishi maisha yake yote kwenye mitaro ya Kariakoo, ambako panya wengine wanatazamana na paka bila kukimbia, hili lilitushangaza sana. Siku moja, katikati ya somo la usafi alilokuwa akitufundisha katika ua wa nyumba moja, panya alikatiza, na Bibi Afya alikuwa juu ya benchi kabla sisi wengine hatujajua kinachotokea. Alimalizia somo akiwa palepale juu, mwavuli umeelekezwa chini, na somo lenyewe lilikuwa juu ya panya.

Darasa lake lilikuwa kila Jumamosi asubuhi, kwenye ua wa moja ya nyumba chache za zamani zilizobaki kati ya maghorofa. Mwenye nyumba alimruhusu bure kwa sharti kwamba asiseme lolote kuhusu choo chake. Ulikuwapo ubao, yalikuwapo mabenchi, na watu walikaa kwa mpangilio ambao hakuna aliyeupanga: wanawake mbele, wachukuzi na wenye mikokoteni pembeni, wenye maduka nyuma karibu na mlango ili waweze kutoroka. Mimi nilikaa nyuma.

Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile kila mara. "Mtaro ule nje ni wa nani?"

"Wa serikali," tulijibu.

"Nimeona maharage ndani yake leo. Serikali imepika maharage?"

Watu walicheka, na aliyepika maharage alicheka kuliko wote. Lakini Bibi Afya hakuachia hapo. Alikuwa na ugonjwa wa kutaja watu. Aliweza kuinama juu ya mtaro, akanusa, akasimama na kutangaza kwamba supu ya pweza imemwagwa na nyumba ya tatu. Uani aliwasimamisha wenye makosa mmoja mmoja, nami nilisimamishwa kuliko wote, na alieleza kosa la kila mtu kwa sauti iliyofika barabarani. Wengine hawakurudi. Nilimwambia mara moja kwamba anawafukuza wanafunzi kwa mkono wake mwenyewe. Akanijibu kwamba mtu asiyeona aibu hafundishiki. Huo ndio ulikuwa msingi wa elimu yake, na aliuamini kabisa.

Suala la pesa za darasa lina habari zake. Bibi Afya aligundua kwamba mjini humu ipo mifuko ya wafadhili inayotoa ruzuku ndogondogo kwa vikundi vinavyofundisha watu mambo ya mazingira, na kwamba wenye kuzipata si lazima wawe wenye shida zaidi, bali waliosikia tangazo mapema. Kwa hiyo alijipa kazi ya kusikia mapema. Alisoma mbao za matangazo kwenye ofisi ya kata, kwenye maktaba, kwenye mageti ya ofisi ambazo mimi nisingethubutu kusimama mbele yake. Aliwazoea walinzi wa mageti hayo, akawauliza habari za watoto wao, nao wakawa wanampigia simu tangazo jipya likibandikwa.

Lugha ya mambo hayo aliijua vizuri na aliidharau vizuri. Mbele ya wafadhili alisema wadau, uendelevu, kujengea jamii uwezo, bila kutikisika. Akirudi uani alisema usafi. "Wao nawapa maneno yao," alituambia, "na ninyi nawapa yenu. Mradi ubao upatikane."

Ubao ulipatikana kwa njia hiyo, na mabenchi, na glovu, na koleo. Kilichomshinda mwanzoni ni posho. Somo la kwanza chini ya ruzuku ya kwanza lilijaza ua mpaka watu wakasimama ukutani. Lilipokwisha, hakuna aliyeondoka. Tulikaa tu, tunatazamana, tunakohoa kidogo. Bibi Afya akauliza kama kuna swali. Mchukuzi mmoja akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa utaratibu wa nauli ukoje.

"Nauli ya kutoka wapi kwenda wapi? Wewe unalala nyumba hii hii!"

"Ndiyo, Bibi Afya, ila ni semina. Semina ina posho."

Alitusema sana siku ile. Jumamosi iliyofuata tulikuwa wachache kiasi kwamba kila mmoja alipata benchi lake. Sidhani kama watu walikuwa na tamaa, ndivyo tulivyozoezwa. Miaka yote waliokuja kutufundisha jambo walitulipa ili tukubali kufundishwa, na mtu asiyelipa alionekana kama ana hila. Bibi Afya alikaa na hasira zake wiki kadhaa, kisha akakubali kushuka hatua moja: chai na chapati. Hapo ndipo Mama Zuhura alipoingia.

Mama Zuhura ni mama lishe. Anapikia pembeni mwa ghorofa moja, jengo la pili kutoka dukani kwangu, wali na maharage mchana, chai na chapati asubuhi, na nusu ya mtaa tumekua kwa mikono yake. Alikuja uani kama mwenye chai. Alijitanda kanga yake, akaweka birika karibu na mlango, akawa anamimina na kusikiliza. Baada ya muda niliona kitu ambacho nadhani Bibi Afya alikiona kabla yangu. Bibi Afya akimaliza kueleza jambo, watu waligeuza shingo kumtazama Mama Zuhura, naye akiwa bado anamimina chai alilirudia kwa maneno machache, bila kumtaja mtu. "Yaani jamani, ukikamua nazi, machicha yasiingie mtaroni. Tia kwenye ndoo, kuna mtu ana kuku Buguruni anayataka." Na Jumatatu yake machicha yalikuwa kwenye ndoo. Bibi Afya alikuwa ameyapigia kelele machicha hayo kwa muda mrefu bila mafanikio.

Hakumsifu. Kusifu hakukuwa desturi yake. Lakini alianza kumwachia sehemu ya somo, kwanza kwa kujidai koo limekauka, kisha bila kisingizio. Mama Zuhura alifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda chake kando ya birika. Akiambiwa asimame mbele, kwenye ubao, alikataa. "Mimi mpika chai tu, Bibi Afya. La saba lenyewe sikumaliza. Nisimame pale niseme nini?"

Wakati huo miguu ya Bibi Afya ilikuwa imeanza kuvimba. Alikuja akiegemea mwavuli. Jumamosi ambazo hakuweza kuja, tulikutana uani, tukanywa chai, tukazungumza habari za mpira, tukatawanyika. Ubao ulikuwapo, sisi tulikuwapo, Mama Zuhura alikuwapo na kila kitu alikuwa anakijua, lakini hakuna kilichoweza kumtoa kwenye kile kigoda. Sote tuliona kwamba darasa lile lingekufa siku Bibi Afya atakaposhindwa kabisa kutembea. Yeye mwenyewe aliliona zaidi yetu.

Ndipo likaja tangazo la mfuko mmoja ambalo alilileta dukani kwangu akihema. Ruzuku hii ilikuwa na nafasi ya masomo ndani yake: kikundi kitakachoshinda kingepeleka mtu mmoja kwenye mafunzo ya ualimu wa mazingira ya jamii, miezi kadhaa, mwisho wake cheti. Hawakutaka mtu mwenye elimu ya juu. Walitaka mtu wa mtaani anayesikilizwa na wenzake.

"Hii ni ya Mama Zuhura," aliniambia. "Akirudi na cheti hatakuwa na sababu ya kukaa na birika."

"Amekubali?"

"Sijamwambia. Nikimwambia sasa atakimbia. Tushinde kwanza."

Aliandika andiko la mradi kwa miezi. Ndani yake alieleza mtaro wetu ulivyoziba, maji machafu yanavyoingia majumbani mvua ikinyesha, watu wasivyojua pa kupeleka taka. Yote yalikuwa kweli. Jibu likaja kwamba tumefika mchujo wa mwisho, na kwamba watu wa mfuko watakuja Jumatano kuliona tatizo kwa macho yao.

Jumamosi kabla ya ujio huo Bibi Afya alisimama mbele yetu na kusema jambo ambalo hatukutegemea kulisikia kinywani mwake. "Mtaro msiuguse. Msifagie, msizoe. Nataka wauone kama ulivyo. Mmenielewa?"

Tulisema tumemwelewa. Mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee mpole mwenye kofia ya kiua, aliitikia kuliko wote. Nami nikarudi dukani nikiamini mambo yamekwisha.

Jumanne jioni mjumbe alikuja kununua mafagio. Alichukua yote niliyokuwa nayo, na koleo, na akaazima turubai langu.

"Mzee, si Bibi Afya kasema tusiguse?"

Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, wageni wanakuja. Watoke huko watokako, waje watukute na uchafu? Sisi ni watu wa namna gani?"

"Lakini wanakuja kuangalia huo uchafu."

"Hilo ni jambo lake yeye na wao. Mimi ndiye mjumbe. Wakirudi watasema wamefika kwa nani?"

Nikamkunjia turubai. Ukweli ni kwamba nililelewa hivyohivyo. Nyumbani kwetu mgeni akitarajiwa hata mbuzi alikuwa anaogeshwa. Jumatano baada ya swala ya alfajiri mtaa mzima ulikuwa nje, watu ambao miaka yote walikuwa wakimkwepa Bibi Afya, wamekunja kanzu, wamekunja suruali, wamesimama ndani ya mtaro. Walizoa tope lililokuwa pale tangu mvua zilizopita. Wanawake walisugua kingo kwa sabuni, fundi cherehani akaleta chokaa akapaka mawe. Kila kitu kilifanywa kama alivyotufundisha: tope kwanza, maji baadaye, kuanzia juu kwenda chini. Nakiri ilipendeza. Tatizo ni kwamba haikuwa siku ya gari la taka, kwa hiyo mzigo wote ulisukumwa kwa mikokoteni hadi kwenye kichochoro kinachoingia mtaa wa pili, ukarundikwa, na turubai langu likatandazwa juu.

Bibi Afya hakujua. Alikuwa amekwenda moja kwa moja kituo cha mabasi kuwapokea wageni, na alitembea nao polepole kwa sababu ya miguu, akiwaeleza njia nzima watakachokiona. Mimi nilikuwa mlangoni pa duka walipokata kona. Alikuwa mbele, mkono umenyooshwa, anasema, "Sasa mtaona wenyewe." Mkono ulibaki juu. Mtaa ulikuwa unang'aa. Mjumbe alikuwa amesimama na koti juu ya kanzu, nyuma yake watu wote wameoga na kuvaa, na katika mtaro maji safi yalikuwa yanapita yakionekana mpaka chini.

"Karibuni sana," alisema mjumbe. "Karibuni kwetu."

Wageni walikuwa wawili, dada mmoja kijana ambaye ndiye alikuwa mkubwa wa msafara, na mpiga picha. Dada yule alitazama mtaro, akamtazama Bibi Afya, akatazama tena mtaro. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kwa upole, "Mama, ndio huu?"

"Ndio huu," Bibi Afya alisema.

Wakatembea. Mpiga picha akapiga picha za mawe yenye chokaa. Watu walisalimia, wakaitikiwa. Walipofika penye kichochoro, upepo ukageuka kidogo, na kila mwenye pua alijua. Dada yule akasimama. Pembe ya turubai ilikuwa inaonekana, na nzi.

"Mama, na huku kuna nini?"

Sote tulikuwa nyuma yao. Mjumbe alikuwa ameshika kofia yake mkononi. Mama Zuhura alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Nilimtazama Bibi Afya nikijua kitakachofuata, maana nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yake yote: kuinua turubai, kuelekeza mwavuli, kutaja majina. Safari hii kulikuwa na sababu nzuri kuliko zote. Tatizo alilolieleza katika andiko lile lilikuwa pale, hatua chache, na ruzuku na nafasi ya Mama Zuhura vilikuwa chini ya turubai lile.

"Huku?" alisema. "Huku ni mtaa mwingine. Twendeni tukanywe chai, itapoa."

Jibu la mfuko lilikuja kwa heshima kubwa. Walisema mtaa wetu ni mfano wa kuigwa, na kwamba kwa sababu hiyo wameona ruzuku iende mahali penye uhitaji zaidi. Ilikwenda kwa kikundi kimoja cha Buguruni. Sisi tulipewa cheti cha kutambua usafi wetu, na mjumbe akakitia fremu, akakitundika kwa kinyozi ambako watu wengi hukaa. Siku ya kukitundika tulichanga, tukapika pilau. Bibi Afya alikuja, akakaa kwenye kiti cha mbele, akala. Watu wakampongeza. Walidhani cheti ndicho alichokuwa akikitafuta siku zote.

Hakuwaambia. Mimi nilijua, na Mama Zuhura alijua, kwa kuwa hatimaye Bibi Afya ilibidi amweleze nafasi ile ilikuwa ya nani. Nilikuwapo. Mama Zuhura alicheka, akasema afadhali, yeye chuoni angekwenda kufanya nini. Kisha akageukia jiko lake, na mchana ule, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, wali wake uliungua. Niliula. Nilimwonea uchungu, nikaomba maharage zaidi.

Mtaro haukukaa safi. Wiki chache zilipita, machupa yakarudi, na maji yakasimama. Lakini sasa mjumbe alikuwa na cheti cha kulinda, na mara kwa mara aliwatoa watu nje wakazoe. Darasa lilizidi kupungua. Bibi Afya alikuja Jumamosi moja, akakosa mbili. Nilikwisha kujizoeza kufikiri kwamba mambo yale yamekwisha, kama maduka mengi niliyoyaona yakifunguliwa na kufungwa.

Mara ya mwisho kumwona, kabla binti yake hajamhamishia Kibaha, ilikuwa Buguruni. Kikundi kile kilichopata ruzuku kilihitaji ndoo na mabeseni kwa mafunzo yao, na wakaja kununua kwangu. Biashara ni biashara. Nilipakia mzigo kwenye guta la magurudumu matatu, nikaupeleka mwenyewe asubuhi ya siku ya kwanza. Mafunzo yalikuwa kwenye ukumbi wa ofisi yao, na kwa kuwa washiriki walikuwa bado wanaingia mmoja mmoja, niliachwa nikisubiri mtu wa kunisainia. Nikatazama ndani. Benchi la mwisho, karibu na dirisha, alikaa Bibi Afya, miguu yake imefungwa bandeji na kuinuliwa juu ya kigoda. Pembeni yake alikuwa Mama Zuhura, amevaa gauni la Idi, mikono imebana magotini.

"Shikamoo, Bibi Afya. Umekuja kufundisha?"

"Marahaba. Nimekuja kusoma." Akanivuta nikae, akashusha sauti. "Walikuwa na nafasi chache za watu wa nje. Nikaja nikaomba moja. Huyu akasema peke yake haji, anaogopa. Basi nikaomba mbili."

"Uliwaomba hawa? Hawa waliochukua ruzuku yetu?"

"Kwani nimewaibia nini mpaka nione haya?"

Nikamwuliza jambo nililotaka kumwuliza tangu siku ile ya wageni. Nilimwuliza kwa nini hakuinua turubai. Kila kitu kingekuwa chetu. Mama Zuhura asingekuwa pale akiomba nafasi kwa watu.

Alifikiri, au labda alikuwa anasikilizia miguu tu. "Bwana Plastiki, miaka yote nimewaita wale watu wachafu mbele za watu. Siku moja wameoga. Mimi niwavue nguo mbele ya wageni?"

"Lakini takataka zilikuwapo pale pale."

"Zilikuwapo. Nilizinusa. Na wao waliniona nikizinusa." Akatabasamu, jambo ambalo sikumbuki kuliona mara nyingi. "Yule mjumbe bado hanitazami usoni. Unafikiri kuna faini kubwa kuliko hiyo?"

Mwalimu wa mafunzo akaingia, kijana mwenye tai, umri wa wajukuu wa Bibi Afya, nami nikarudi mlangoni. Akaomba radhi kwa kuchelewa, akasema tuanze kama kawaida kwa kujitambulisha, kila mtu jina lake, anakotoka na cheo chake. Wakaanza mbele. Alikuwapo katibu wa kikundi, mtunza hazina wa kikundi, mratibu wa vijana, mwakilishi wa wanawake. Kila mmoja alikuwa na cheo, na kila mmoja alikitamka polepole. Nilimwona Mama Zuhura akizidi kujikunja zamu ilivyokuwa ikisogea. Nilifikiri Bibi Afya atasema yote: miaka yake ya kazi, wilaya alizokagua, madarasa aliyoyaanzisha. Alikuwa na haki ya kuyasema, na kijana yule angemwachia kiti.

Zamu ikamfikia. Hakuweza kusimama, akainua mkono tu.

"Mimi natoka Ilala," alisema. "Cheo sina. Nimemsindikiza mwalimu wangu."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama aliyeketi pembeni yake. Mama Zuhura alimtazama Bibi Afya kwa macho makali, yale anayomtazamia mteja aliyekula akaondoka bila kulipa. Bibi Afya akawa anatazama nje dirishani, kana kwamba nje kuna mtaro. Kijana mwenye tai alisubiri. Mama Zuhura akafungua mikono magotini, akasimama, akavuta gauni lake nyuma.

"Naitwa Mama Zuhura," alisema, na sauti yake ilifika mpaka nilipokuwa. "Natoka Kariakoo. Ni mwalimu wa mazingira."

Kijana akaandika, akageukia mtu anayefuata.